MR2 SW20: turbo mbili, turbo moja, au V6 bila turbo?

Nimelala chini ya Toyota MR2 saa nyingi kuliko nilizokaa kwenye usukani wake, ndiyo maana vijana hunipigia simu. Swali huwa moja: "Kaka, turbo mbili zinaingia?" Zinaingia. Hata jiko la mkaa linaingia ukikata chuma cha kutosha. Ila kuingia ni jambo moja, na kukaa humo miaka mitatu bila kuunguza waya wala kuchemsha ni jambo jingine. Nalinganisha hapa njia nne anazokutana nazo mwenye SW20 anapotaka kubadilisha injini, na sitajifanya sina upande.

SW20 ni MR2 ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1999. Injini yake imekaa nyuma ya viti, mbele ya ekseli ya nyuma, na imelazwa kwa upana wa gari kama ile ya Camry au Corolla. Nyuma ya injini kuna buti ndogo. Mbele yake kuna ukuta, halafu mgongo wa dereva. Ishike picha hiyo kichwani, maana karibu kila nitakachosema kinatokana nayo.

Kwanza tuondoe uongo mmoja. MR2 haikutoka kiwandani na turbo mbili hata siku moja. "Twin cam" maana yake ni kemshafti mbili. Na turbo yake ya mwanzo, CT26, ilikuwa na njia mbili za kuingizia moshi, lakini ni turbo moja ile. Ukiona tangazo la MR2 yenye turbo mbili za kiwandani, muuzaji ama hajui anachouza ama anakijua vizuri mno.

Gari lenyewe si la kuonekana kila siku kwetu. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8, na Tanzania linaingia lakini ushuru wa uchakavu unalisubiri bandarini. Kazi hizi zinafanyika zaidi Uingereza, ambako ndiko niliko, na Marekani, Australia na Japani. Lakini injini zinazogombaniwa unazifahamu kabisa: moja imo kwenye Caldina ya jirani, nyingine imo kwenye Vanguard na Alphard zilizojaa Dar na Nairobi.

| Njia | Ujazo | Nguvu kiwandani (kipimo cha Kijapani) | Kompresheni | Bloku |
|---|---|---|---|---|
| 3S-GTE ya Caldina GT-T, turbo moja | cc 1,998 | farasi 260 | 9.0 | chuma |
| 2GR-FE, V6 bila turbo | cc 3,456 | farasi 280 | 10.8 | alumini |
| 2GR-FE iliyoongezwa turbo mbili | cc 3,456 | inategemea fundi | 10.8, au chini ukibadili pistoni | alumini |
| 6G72 ya Mitsubishi GTO, turbo mbili za kiwandani | cc 2,972 | farasi 280 | 8.0 | chuma |

3S-GTE: kurudi nyumbani

Hii ndiyo damu ya gari lenyewe. SW20 za turbo zilianza nayo, farasi 225 kwa soko la Japani, kisha 245 kuanzia mwishoni mwa 1993. Toleo la nne likaingia kwenye Caldina GT-T ya 1997 hadi 2002 likiwa na farasi 260, na la tano kwenye Caldina GT-Four iliyofuata. Kwa hiyo mtu akisema "naweka injini ya Caldina" anaweka ndugu wa injini ileile iliyotoka. Mauntingi zinakubali, giaboksi ya E153 inakubali, na mabomba mengi ya maji yanafika yanakotakiwa.

Kero zake ni ndogo na zinajulikana. Kwenye Caldina intakula (kipoza hewa inayosukumwa na turbo) imekaa juu ya injini na kuvuta hewa kupitia tundu la boneti, na SW20 haina boneti juu ya injini yake, kwa hiyo itabidi uhamishe. Turbo ya toleo la nne imeyeyushwa pamoja na manifoldi ya ekzosti, kipande kimoja, kwa hiyo siku ukitaka turbo kubwa zaidi unabadilisha vyote viwili. Waringi si wa kuchomeka tu, ila mafundi walioufanya ni wengi na michoro ipo.

Bei ya injini hii huwa ya kuvutia kwa sababu Caldina hufa kwa giaboksi, kwa kutu na kwa ajali, huku injini ikibaki nzima. Mtu wa Sharjah au wa Birmingham atakuuzia nusu keki, yaani nusu ya gari iliyokatwa na injini ndani yake, pamoja na kontrol boksi (kompyuta ya injini) yake. Chukua na kontrol boksi. Usiniulize kwa nini nasisitiza.

2GR-FE bila turbo: moyo wa lori kwenye mwili wa swala

V6 hii ya lita 3.5 ndiyo iliyobadilisha mazungumzo ya watu wa SW20. Sababu haina maajabu: E153, giaboksi ileile ya MR2 turbo, ilifungwa pia nyuma ya V6 za Camry. Kwa hiyo inakutana na 2GR bila sahani ya kuunganishia. Bloku yake ni ya alumini, ya 3S ni ya chuma. Ukiongeza turbo, intakula na mabomba yake upande wa 3S, mizani haioni tofauti kubwa. Unapata silinda mbili zaidi bila kulipishwa kilo.

Kinachohitaji akili ni umeme. Pedali ya mafuta ya 2GR haina waya wa chuma unaovuta, inatuma ishara. Lazima uweke pedali ya umeme, na kontrol boksi yenye immobilaiza (kizuia wizi) inataka kubembelezwa au kubadilishwa. Halafu angalia bomba la oili la VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu: 2GR za mwanzo zilikuwa na kipande cha mpira ambacho hupasuka na kumwaga oili yote barabarani. Kuna bomba la chuma tupu la kuchukua nafasi yake. Liweke injini ikiwa bado chini sakafuni, maana ikishapanda utalifikia kwa vidole viwili na matusi.

Kama unataka ushahidi kwamba injini hii inaishi nyuma ya viti, tazama Lotus, watengenezaji wa magari ya michezo wa Uingereza. Evora ya 2009 ilikuja na 2GR-FE ya Toyota, imekaa katikati, imelazwa kwa upana, vilevile kama kwenye SW20 iliyobadilishwa. Mwaka mmoja baadaye walipotaka nguvu zaidi kwenye Evora S, wahandisi wale walichagua superchaja, kisukuma hewa kinachozungushwa na injini yenyewe badala ya moshi, wakafika farasi 345. Hawakuweka turbo mbili. Wala baadaye, walipopita farasi 400, hawakuziweka. Watu wenye kiwanda, kompyuta na njia ya hewa ya kupimia waliiangalia V6 hii kwenye chumba cha aina hii wakaamua kuikandamiza kutoka juu, kati ya vichwa viwili, mahali penye nafasi. Mimi nalisoma hilo kama jibu.

Turbo mbili kwenye 2GR

Kwenye karatasi, V6 na turbo mbili ni ndoa ya halali. Kila upande una silinda tatu, na moshi wake unatoka kwa kupishana sawasawa, kila nyuzi 240 za mzunguko wa krenki. Turbo ndogo kwa kila upande inazunguka mapema, haina uzito wa kuisubirisha. Hesabu ya kienyeji nayo inatia hamu: injini isiyo na turbo inapumua hewa ya bar 1, ongeza nusu bar, hewa imeongezeka kwa nusu, na farasi 280 wanasogelea 400 hata ukiondoa kinachopotea kwa joto. Nusu bar tu!

Sasa rudi kwenye ile picha. Kwenye Camry, upande mmoja wa V6 unatazama rejeta, unapigwa na upepo. Mwingine unatazama kabini. Ukiihamishia nyuma ya viti vya SW20, ule uliokuwa ukipigwa na upepo sasa unatazama kabini, na ule mwingine unatazama buti. Rejeta iko mbele kabisa ya gari, mita kadhaa kutoka hapo, na maji yanasafiri kwa mabomba marefu chini ya sakafu. Hakuna upande hata mmoja wa injini wenye hewa ya bure. Moshi unaoingia kwenye turbo ya petroli iliyokanyagwa unaweza kupita nyuzi joto 800, na turbo ya mbele itakuwa imebanwa kati ya silinda na ukuta ambao nyuma yake umeegemea wewe. Matundu ya ubavuni ya SW20 yanasaidia, lakini yalichorwa kwa ajili ya turbo moja na intakula moja ndogo yenye feni yake.

Halafu hesabu mabomba. Kila turbo inataka oili iingie, oili itoke, maji yaingie, maji yatoke. Manne. Turbo mbili, manane, kabla hujagusa ekzosti, hewa ya kwenda intakula na hewa ya kurudi. Kila kiungo ni mahali pa kuvuja, na kinachovuja kinadondokea chuma chekundu ambacho dereva hakioni kwa sababu kiko nyuma yake. Kwenye gari la injini ya mbele moshi ukianza unauona kwenye boneti. Hapa anayeuona kwanza ni aliye nyuma yako, naye atadhani unaringa. Weka kizima moto ndani, si butini.

Bomba ninalolichukia kuliko yote ni la oili kutoka. Oili inayotoka kwenye turbo hairudi kwa presha. Inarudi kwa mteremko tu, kama maji ya paa. Turbo lazima iwe juu ya usawa wa oili ya sampu, na bomba liwe nene na literemke. Jamaa yangu mmoja hapa Uingereza, Mzanzibari mwenye mkono mzuri wa kuchomelea, alifunga turbo mbili chini chini ili zipate nafasi. Gari lilikwenda kama limetumwa. Lakini kila likisimama kwenye taa, moshi wa buluu, na mkewe akalalamika kwamba linanuka kama banda la chipsi. Tukafungua turbo ya nyuma mara mbili tukidhani sili zimekufa. Hazikuwa zimekufa, oili ilikosa pa kwenda, ikajisukuma upande wa ekzosti. Dawa ilikuwa pampu ndogo ya umeme ya kuinyonya oili na kuirudisha. Ikafanya kazi. Sasa ana pampu ambayo ikifa kimyakimya, turbo nayo inafuata. Baadaye alitoa zote mbili, akakusanya moshi wa pande zote kwenye turbo moja ya wastani, juu, upande wa nyuma. Alipoteza kitu kidogo chini ya mizunguko 3,000 na akapata usingizi.

Kuna jambo la ndani ya injini pia. Kompresheni ya 10.8 ilipangwa kwa hewa isiyosukumwa. Ukiisukuma, injini inaanza kugonga usiporudisha taimingi nyuma na usipotumia petroli ya oktani ya juu. Na konrodi za kiwandani ndizo za kuhofia kwanza. Ule uzuri unaosifiwa wa turbo ndogo mbili, kwamba zinasukuma mapema, ndio unaozipinda konrodi: presha kubwa ndani ya silinda wakati mizunguko bado ni michache ni kama kumpa mtu gunia la saruji kabla hajasimama sawasawa. Anayetaka turbo mbili kwa raha basi anafungua injini, anaweka pistoni za kompresheni ya chini na konrodi za chuma kilichofuliwa. Hapo bei yako imeshaondoka kwenye "kubadilisha injini".

Intakula nayo iwe ya maji. Ya hewa tupu haina pa kukaa pa maana kwenye gari hili kwa kiasi hicho cha hewa. Celica GT-Four ya ST205 ilitoka na intakula ya maji juu ya 3S-GTE, na wengi huanzia hapo: kipoza maji kidogo mbele, pampu, mabomba mawili zaidi chini ya sakafu. Mabomba tena.

Injini yenye turbo mbili za kiwandani

Hapa sitakaa sana. Wazo ni kwamba uache kubuni, uchukue injini iliyozaliwa nazo. Shida ni kwamba nyingi zimezaliwa kusimama kwa urefu wa gari: VG30DETT ya Nissan 300ZX, RB26 ya GT-R, 2JZ-GTE ya Supra, EJ20 za Subaru Legacy ambazo Nairobi inazijua kwa sauti. Kwa upana wa SW20, ambao ni kama mita 1.7, hizo zisahau. Zinazolala kwa upana ni chache, na zinazotajwa zaidi ni za Mitsubishi: 6G72 ya GTO na ile ndogo ya lita 2.5, 6A13, ya Galant na Legnum VR-4. Kompresheni ya 8.0 ya 6G72 ni tamu kwa turbo. Lakini bloku ni ya chuma, giaboksi yake ni ya magurudumu manne, utahitaji sahani ya kuunganishia kwenye E153, mauntingi za kubuni na spea za gari ambalo limekoma kutengenezwa zamani. Na joto ni lilelile, kwa sababu turbo ya mbele ya GTO ilikuwa ikipigwa na upepo wa rejeta, na hapa upepo huo haupo.

Wanaotamani Legacy waelewe pia kwamba turbo mbili si jina la kitu kimoja. Za Legacy zinapokezana, ndogo kwanza kisha ya pili inaitwa, na katikati ya kupokezana kuna bonde ambalo kila aliyewahi kuliendesha analijua. Za GTO na 300ZX zinafanya kazi pamoja, kila moja na upande wake. Ukiweka mbili kwenye 2GR utakuwa na aina hii ya pili.

Giaboksi na kona

Lotus Esprit V8 ya 1996 ni somo la bure. Lita 3.5, turbo mbili, injini katikati, farasi 350. Injini ilikuwa na uwezo wa zaidi, lakini giaboksi yenye asili ya Renault ndiyo iliyowafunga kamba. E153 ni ngumu kuliko sifa zake, na kwa 3S au 2GR tupu wala huwazi. Kwa turbo mbili, klachi ya kawaida itateleza kwanza, kisha draivshafti zitaanza kuzungumza. Zipangie fedha kabla hujanunua turbo.

Lakini linalonifanya niwaambie vijana wapunguze kasi ni kona. SW20, hasa za kabla ya marekebisho ya sospensheni ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, zina sifa ya kukimbiza mkia ghafla dereva akiachia mafuta katikati ya kona. Uzito mwingi uko nyuma. Sasa fikiria upo kwenye kona yenye unyevu, umekanyaga kidogo, na turbo mbili ndogo zinaamka zote pamoja kwenye mizunguko 2,500. Kwenye 3S turbo inaamka baadaye na wengi wameshaijua tabia yake. Kwenye 2GR tupu hakuna kinachoamka: unachokanyaga ndicho unachopata. Kwenye barabara ya kweli, V6 isiyo na turbo ndiyo iliyonipa mwendo wa haraka zaidi, kwa sababu sikuiogopa.

Makaratasi, kwa kifupi

Uingereza, mabadiliko ya injini yanaandikwa kwenye V5C (hati ya usajili wa gari) na bima anaambiwa. Bima akisikia turbo mbili sauti yake hubadilika. California ni kali zaidi: injini isiwe ya mwaka wa nyuma kuliko gari, ije na vifaa vyake vya kuchuja moshi, na refa wa serikali aikague. 2GR kamili inaweza kupita. Turbo za kuchomelea nyumbani ni vita. Japani, injini ya aina tofauti inaombewa kibali cha mabadiliko kabla ya ukaguzi.

Nani achukue ipi

Kama gari ni la kila siku, au ni mara yako ya kwanza kushusha injini, 2GR tupu. Kama unapenda ule mluzi na ule msukumo wa mgongoni, na una MR2 ya turbo tayari, 3S-GTE ya Caldina. Utalipa kidogo na utaendesha mapema. Kama 2GR yako imeshakaa na sasa inakuonekania ndogo, fikiria superchaja au turbo moja kabla ya mbili. Turbo mbili nampa mtu mmoja tu: mwenye gari la pili la kwendea kazini, anayejua kuchomelea au anayemlipa anayejua, na ambaye raha yake iko gereji kuliko barabarani. Watu hao wapo, nami nina siku zangu.

Kabla hujatoa hela ya turbo, fanya hivi. Ining'inize 2GR kwenye mauntingi zake ndani ya gari, na manifoldi ya mbele ikiwa imefungwa. Ingiza mkono kati ya injini na ukuta. Wangu unaingia. Nikiuvingirisha taulo moja la mikono, hauingii, na mahali hapo panatakiwa pakae turbo, bomba lake la kutolea moshi, na kinga ya joto.